Chiriku Wasio na Vichwa

"Mwangalie! Mwangalie vizuri, halafu uniambie paka wako ni malaika!"

Huyo ni Mzee Col, saa moja kasoro asubuhi, yuko na bukta ya kulalia, mkono ameuinua juu ya uzio. Mkononi ana chiriku.

Chiriku mzuri ajabu. Kifua cha zambarau, tumbo la manjano, miguu midogo imekunjwa kama amelala.

Kasoro kichwa.

Upande wa pili wa uzio amesimama jirani yake, yule nesi, sare ya kazini bado mwilini, funguo za gari mkononi, macho mekundu kwa kukesha.

"Col, banda lako lilikuwa limefungwa?"

"Kwa kufuli!"

"Na ndege umemkuta wapi?"

"Ndani, sakafuni!"

"Sasa paka wangu kaingilia wapi? Kwenye tundu la ufunguo?"

"Anapenyeza mkono! Usinifundishe paka mimi, nimeishi na paka kabla hujazaliwa!"

"Akipenyeza mkono, kichwa kiko wapi?"

"Kakila!"

Na mimi? Mimi nipo barazani kwangu na chai yangu na mkate wa kuchoma, nasikiliza kama redio.

Nyumba yangu iko juu ya nguzo, kama nyumba zote za zamani hapa Ipswich. Nikikaa barazani naona ua wa Col, na nikinyoosha shingo kidogo naona hadi ua wa nesi. Col yuko katikati yetu. Kwa mtu mpenda habari kama mimi, hapo ni kama kukaa siti ya mbele.

Huyo alikuwa chiriku wa tatu kufa ndani ya wiki mbili.

Col akageuka akaniona.

"Rae! We Rae! Umemwona yule paka leo?"

Jamani, hapa ndipo stori yote ilipoanzia. Swali dogo tu hilo.

"Nimemwona," nikajibu. "Alfajiri hii hii. Kakaa juu ya uzio wako anajilamba."

Nesi akanitazama. Hakupandisha hata sauti.

"Nilimfungia ndani kabla ya kwenda kazini, Rae."

"Basi atakuwa na pacha," nikasema.

Col akacheka. Na mimi mtu akicheka kwa maneno yangu, siku yangu imetimia.

Ukweli ni kwamba yule paka nilimwona Jumatano ya wiki iliyopita, tena mchana, tena amelala. Kwa nini nilisema leo? Kwa sababu niliulizwa mbele ya watu, na neno linalonishinda duniani ni "sijui".

* * *

Nijieleze kidogo, msinihukumu haraka.

Jina langu Raelene, watu wananiita Rae. Nimeuza baa miaka ishirini na mbili, nimetenganisha ngumi, nimebeba walevi hadi kwenye gari zao, na siri za mji huu nazijua kwa majina. Mume wangu alipofariki nyumba ikawa kimya mpaka nikawa nasikia friji inavyonguruma.

Nikasema hapana. Sitakufa kwa friji.

Basi kila Ijumaa jioni kwangu ni nyumba wazi. Soseji kwenye jiko la uani, vitunguu, mkate, bia kwenye ndoo ya barafu. Kila mtu anakuja na sahani yake ya kitu. Wanakuja kumi, wanakuja ishirini. Lorelle wa nyumba namba tisa ndiye anafika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, maana umbea tumegawana nusu kwa nusu.

Mtu mmoja tu alikuwa haji. Yule nesi.

Alihamia mwezi wa tatu, peke yake na paka mkubwa wa rangi ya chungwa. Ametokea New Zealand. Paka anaitwa Kumara, yaani kiazi kitamu kwa lugha ya kwao. Yeye mwenyewe kwenye sanduku lake la barua ameandika Ngaire. Hakuna aliyejua kulitamka, na hakuna aliyeuliza. Tukamwita "yule nesi", biashara ikaisha.

Sasa kulikuwa na mgeni wangu mwingine wa kila siku. Padri.

Padri ni ndege. Si mkubwa, wa kutoshea viganja viwili. Kichwa cheusi, mgongo wa kijivu, na shingoni utepe mweupe kama kola ya kasisi. Hapa kwetu aina yake wanaitwa ndege bucha. Jina hilo nimelijua tangu utotoni na sikuwahi kukaa nikajiuliza wamepewa kwa nini.

Kila alfajiri namwekea nyama ya kusaga dirishani jikoni. Miaka miwili sasa. Anakuja, ananitazama kwa jicho moja, anachukua.

Halafu anaimba.

Aisee, sauti ya yule ndege! Kama mtu anapuliza filimbi ndani ya mtungi. Ijumaa akitua juu ya chuma changu cha kuanikia nguo, kile kinachozunguka kama mwamvuli, watu ishirini wananyamaza na bia mkononi. Col, ambaye hapendi kitu chenye mabawa kama si cha kwake, alikuwa anavua kofia.

Kulikuwa na vitu nilivyoviona, sikatai.

Nyama nikimpa bonge kubwa, halili pale pale. Analipeleka kwenye panda ya mjakaranda, analibana katikati ya matawi, halafu anavuta kipande kipande. Mdomo wake kwenye ncha umepinda chini, kijembe kidogo.

Siku moja nilikuta mjusi ananing'inia kwenye waya wa kuanikia, shingo imebanwa kwenye kona, katikati ya soksi zangu. Nusu ya mwili haipo.

Nilipiga picha nikawatumia wote. Nikaandika, "Padri ameanika nguo zake."

Tulicheka siku nzima.

* * *

Chiriku wa nne akafa. Col akawa hali.

Msione ni vindege tu. Col alistaafu karakana ya reli magoti yamekwisha, na banda lile alilijenga kwa mikono yake. Kila chiriku ana pete mguuni na ukurasa wake daftarini: baba nani, mama nani, kaanguliwa siku gani. Jumapili anaketi kwenye kigoda mbele ya waya anawasomea matokeo ya mchezo wa raga. Nimemsikia kwa masikio yangu.

Alibaki na kumi na moja.

Ijumaa ile, kabla watu hawajafika, nikakuta bahasha kwenye sanduku langu la barua. Ndani kuna karatasi, mwandiko safi wa kinesi.

*Rae, naomba usome hii ukiwa peke yako. Anayeua ndege wa Col ni yule ndege unayemlisha. Nimemwona mara mbili nikirudi kazini. Anang'ang'ania waya kwa nje, chiriku wanashtuka wanarukia waya, anamdaka wa karibu kwa kichwa. Col akizungushia wavu wa pili kwa nje, na wewe ukiacha kumzoesha hapa, itakwisha. Mimi hanisikilizi. Wewe atakusikiliza.*

Ukiwa peke yako, kaandika.

Na mimi nikasubiri nyumba ijae.

Nikapanda juu ya kreti ya bia, nikaweka miwani, nikaisoma kwa sauti ya kinesi. Nikaigiza na macho mekundu. Nilipofika "anayeua ni yule ndege unayemlisha", watu hoi. Na kama amepangwa, Padri akatua juu ya chuma cha nguo akaanza kuimba.

"Muuaji huyo anatuombolezea!" Lorelle akapiga kelele, bia ikamtoka puani.

Col alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu kicheko kikakatika ghafla.

"Huyu mwanamke ananiona mimi mpumbavu," akasema. "Ndege wangu wanakufa, ananiletea hadithi za watoto."

"Kachukue mtego halmashauri," Lorelle akasema. "Wanaazima. Unamnasa, unampeleka, wanamtoza nesi faini, atakoma."

"Wanataka shahidi."

Wote wakanigeukia.

Jumatatu Col alikuja na fomu. Nilikuwa nakula. Nikashika soseji mkono wa kushoto, nikatia sahihi kwa mkono wa kulia.

*Nimemwona paka huyo juu ya uzio alfajiri ya siku ya tukio.*

Sahihi yangu ina mkia mrefu. Ilipendeza.

* * *

Jumanne ya kwanza ya Novemba ni siku ya mbio za farasi. Nchi nzima inasimama dakika tatu. Kwangu ikawa karamu: kofia za manyoya, sandwichi za kuku zilizokatwa kingo, keki, mvinyo wa mapovu, televisheni sebuleni na spika uani.

Kwetu Novemba ni kiangazi, na joto lilikuwa la kuua. Hilo neno nalitumia nikijua ninachosema.

Col aliutega mtego, tundu la vyuma lenye mlango wa kujifunga, saa moja asubuhi, nyuma ya banda lake, dagaa wa kopo ndani. Karatasi ya maelekezo ilisema uwekwe kivulini na ukaguliwe kila mara. Na kweli aliuweka kivulini. Ila kivuli cha saa moja na kivuli cha saa sita si kimoja.

Halafu akavaa tai, akaja kwangu.

Kama saa nane kasoro mlango ukagongwa. Nikachungulia kupitia mlango wa wavu.

Nesi. Amevaa vazi la kulalia, nywele zimesimama, na kwapani amebeba kitu kirefu kimefungwa karatasi ya kahawia kama zulia.

"Rae, samahani. Nimeamka nimekuta wavu wa dirisha la bafuni umesukumwa. Kumara hayupo. Umemwona?"

Sikufungua mlango. Nilisimama na glasi yangu.

Nilijua kuna mtego. Nilijua uko wapi. Nilijua na dagaa ni wa chapa gani.

"Sijamwona, mpenzi," nikasema.

Ukiangalia maneno, sikudanganya. Sikuwa nimemwona.

"Nilitaka pia kuongea na wewe kuhusu..." akaanza, akainua kile kifurushi.

"Mbio zinaanza!" mtu akapiga kelele ndani.

"Baadaye, eh?" nikasema, nikarudi. Watu wakauliza nani. Nikawaambia nesi kaleta zulia la kuzibia kelele zetu. Ukumbi mzima kicheko. Nikaongeza sauti ya spika.

Nikaongeza sauti.

* * *

Saa kumi Col alienda kuchungulia banda lake. Akarudi hana rangi. Akasimama chini ya ngazi, tai imelegea.

"Rae. Njoo."

"Umemnasa?"

"Njoo tu."

Jua lilikuwa limehamia pale lote. Vyuma vya tundu huwezi kushika. Dagaa walikuwa hawajaguswa, wamekauka. Kucha za mbele za yule paka zilikuwa zimeng'oka, na kwenye mlango wa tundu kulikuwa na damu kidogo, imeshakuwa nyeusi.

Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri. Mzee. Manyoya ya kidevuni meupe.

Col alimbeba na tundu lake mpaka mlangoni kwa nesi. Mimi nikamfuata nyuma, bado nina manyoya ya bluu kichwani.

Hakupiga kelele yule mwanamke. Heri angepiga.

Alipiga magoti, akafungua tundu, akamtoa, akamfunga kwenye sweta lake la kazini kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Halafu akauliza, bila kututazama:

"Alilia?"

Col akavua tai yake.

"Nauliza. Alilia?"

"Hatukusikia," Col akasema.

"Kulikuwa na muziki," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la hesabu. Akaingia, akafunga mlango kwa utaratibu, kitasa hata hakikulia.

* * *

Jumatano banda la Col lilikuwa shwari. Alhamisi, shwari.

"Unaona?" Col akaniambia juu ya uzio. Lakini hakuniangalia usoni. "Unaona, Rae? Kumi na moja, wote wazima."

"Naona."

"Ni sheria. Paka asizurure. Mimi sikuvunja sheria."

"Hukuvunja."

Ijumaa niliamka saa kumi na moja alfajiri. Kweupe tayari. Nikaweka nyama dirishani kama kawaida.

Padri hakuja.

Nikangoja. Nikasikia chiriku wa Col wanapiga kelele, si zile za kuamkia, bali vijikelele vyembamba, vingi, vya mfululizo. Nikatoka barazani pole pole, miguu peku.

Alikuwa amening'inia kwenye waya wa banda, kwa nje, mabawa yamefunguka nusu, ametulia kabisa.

Ndani walikuwa wanaruka kama punje kwenye kikaango. Wanapiga waya, wanaanguka, wanapiga tena. Na yeye hawafuati. Anangoja. Kichwa kinageuka kidogo, kushoto, kulia, kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

Chiriku mmoja, mwekundu kichwani, akaja akang'ang'ania waya ule ule. Uso kwa uso naye.

Sikuona hata mdomo ulivyokwenda. Niliona tu kichwa chekundu kiko upande wa nje, na mwili uko upande wa ndani, mabawa yanapiga.

Akavuta. Akageuza shingo, akavuta tena.

Mabawa yakaacha.

Nikajishika kwenye nguzo ya baraza. 

Akaruka, akapita juu ya uzio, akatua kwenye chuma changu cha nguo. Kile kichwa akakibana kwenye kona ya waya, pale pale alipombana mjusi, akawa anachambua. Kutoka kwenye mjakaranda makinda mawili ya rangi ya kahawia yakashuka, vinywa wazi, yanalia njaa. Akayalisha. Moja, halafu lingine. Kwa upole kabisa.

Halafu akaimba.

Wimbo ule ule. Hata haukubadilika.

Alipomaliza akaja dirishani, akanitazama kwa jicho moja, akachukua nyama yake. Kwenye ncha ya mdomo, pale palipopinda, kulikuwa na kinyoya chekundu.

Nikakaa chini sakafuni jikoni.

Niliwaza mambo mengi pale chini, lakini nitawaambia lile baya zaidi. Niliwaza: hakuna mwingine aliyeona. Col atamkuta chiriku, atasema kuna paka mwingine. Nikinyamaza, leo ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni nyumba itajaa. Nikisema, sijui.

Mpaka jioni sikuwa nimeamua.

* * *

Watu walijaa kuliko kawaida. Kila mtu alitaka stori ya paka. Lorelle alikuwa ameshaanza kuisimulia, na katika ya kwake paka alikuwa na ukubwa wa mbwa.

Col alikaa pembeni na bia ambayo hakuinywa. Chiriku wa asubuhi alikuwa amemwona. Hakuwa amemwambia mtu.

Nikapanda kwenye kreti ile ile.

"Ni Padri," nikasema.

Wakaanza kucheka. Walidhani namwigiza nesi.

"Sitanii. Nimemwona leo asubuhi. Kila neno la ile barua ni kweli. Ni Padri, na mimi ndiye niliyemleta hapa kwa nyama yangu. Na kingine." Nikamgeukia Col. "Yule paka siku ile sikumwona. Nilimwona wiki nyingine. Nilisema tu. Na nikasaini."

Ungesikia soseji zinavyokaangika.

Col akaweka bia yake chini taratibu.

"Rae, funga mdomo."

"Col, wewe mwenyewe leo umemkuta..."

"Nimesema funga!" Mzee akasimama. "Usiku tatu nimelala kwa kujiambia yule mnyama alikuwa muuaji. Usiku tatu. Ukininyang'anya hilo, mimi nabaki nani?"

Hakungoja jibu. Akachukua kofia yake, akapita katikati ya watu, geti likajipiga nyuma yake.

Wengine hawakugomba. Walikumbuka tu shughuli zao. Mmoja akachukua sahani yake ya saladi, mwingine keki yake ambayo haijakatwa. Lorelle ndiye aliyebaki wa mwisho, kama kawaida yake.

"Alikuwa paka tu, Rae," akasema, anafunika bakuli lake. "Tulishasahau. Ungekaa kimya tu."

"Wewe ungekaa?"

"Mimi? Na ulimi huu?" Akajaribu kucheka. Kicheko hakikutoka. Akaondoka.

Nikabaki na soseji arobaini na friji inanguruma.

* * *

Kwetu mtu akifiwa unampelekea bakuli la chakula. Chini ya bakuli unabandika utepe wenye jina lako, ili siku akipata nguvu akurudishie. Nimepeleka mabakuli mangapi maishani mwangu, siwezi kuhesabu.

Kwa nesi sikupeleka. Paka bwana, nani anapeleka bakuli kwa ajili ya paka?

Jumamosi asubuhi nilipika kuku na viazi. Nyama ya kusaga ilikuwepo kwenye friji, sikuweza kuigusa. Nikalibeba bakuli kwa taulo, nikapita mbele ya nyumba ya Col, pazia likacheza, nikagonga.

Alifungua. Kwenye kizingiti chini kulikuwa bado na kibakuli cha maji, kimejaa.

Nikamwambia. Yote. Uzio, Jumatano, fomu, kreti ya bia, sauti ya kinesi, mlango wa wavu. Sikuacha kitu. Nilipofika pale nilipoongeza sauti ya spika, nikakwama, nikarudia, nikamaliza.

Alisikiliza kama wanavyosikiliza manesi, hawakatizi.

Halafu akachukua bakuli, akaliinua juu, akasoma utepe kwa chini.

"Kumbe kirefu chake ni Raelene."

"Ndiyo." Nikakunja taulo. "Na la kwako linatamkwaje?"

"Nairi. Umechelewa miezi minane. Ni Nairi."

Hapo ndipo nilipokiona, nyuma yake, kimesimamishwa ukutani kwenye ukumbi. Kile kifurushi kirefu cha siku ya mbio, zulia langu la kuchekesha watu. Karatasi ilikuwa imechanika upande mmoja.

Hakikuwa zulia. Ulikuwa wavu wa waya, wa matundu madogo hata kidole hakipiti. Juu yake, kwa ule mwandiko safi: *Kwa Col.*

Nikausoma mwandiko ule mara mbili.

"Niliununua nikitoka kazini asubuhi ile," Nairi akasema. "Nilitaka unishikie upande mmoja tukamzungushie. Wewe angekukubalia."

Yaani mwanamke tuliyemwita adui wa chiriku ndiye peke yake mtaa mzima aliyetoa hela yake kuwaokoa. Alisimama mlangoni kwangu na dawa yenyewe kwapani, anamtafuta paka wake, na mimi nikarudi kutazama farasi.

Padri hakufanya kosa. Ana makinda, ana mdomo aliopewa, na hakuwahi kumsingizia mtu. Mdomo uliopinda ulikuwa wangu. Ndugu msomaji, kama unanisoma huku kuna mtu mtaani kwenu mnamcheka na hujawahi kumuuliza hata jina lake, simama kwanza hapo. Na ukiulizwa kitu usichokijua, sema hujui. Neno hilo lingemwacha Kumara hai.

Ilibaki "samahani". Nikaitoa. Ilisikika ndogo, kama sarafu ukiiangusha kanisani.

Nairi aliangalia bakuli, akaangalia wavu, akaangalia nyumba ya Col.

"Kazi hii inataka mikono minne na ngazi," akasema. "Na mimi nimetoka zamu sijala."

"Col hatakubali."

"Chiriku kumi watakubali."

Akausukuma mlango kwa kisigino, ukafunguka wote. Mezani kulikuwa na sahani moja. Akafungua kabati, akatoa ya pili.

Nikabaki pale pale kwenye kizingiti, karibu na kile kibakuli cha maji, sijui niweke wapi miguu yangu.

"Nairi, mimi sistahili..."

"Sijakusamehe, Rae," akasema, mgongo amenipa, anatafuta uma. "Nimesema ingia tule."